Gitaa Halitoki Nyumba Hii

Kwanza nimjibu yule msomaji aliyeniletea salamu kupitia kwa mhariri, eti mwanamke wa umri wangu angetafuta shughuli ya maana badala ya kuhangaika na gitaa. Nimekusikia, bwana. Shughuli ya maana ninayo. Mimi ni fundi cherehani wa magauni ya harusi, na huenda hata la mkeo nililishona mimi. Gitaa ni la mume wangu na ni langu. Kama linakukera, lizidi kukukera, lakini usome mpaka mwisho.

Kwa aliyechelewa kutufikia, mambo yalikuwa hivi. Mume wangu alikuwa mpiga solo wa bendi, na watu wamemwita Solo mpaka mimi mwenyewe nikaacha kumwita jina lake. Mwaka jana alianguka bafuni. Akapooza upande wa kulia, na ulimi ukawa mzito. Bendi ikamsubiri, ikachoka, ikatafuta mpiga solo mwingine.

Ndipo akaja kaka yake, shemeji yangu. Huyo ni mpiga besi wa bendi hiyo hiyo, na jina lake mjini ni Besi. Alikuja na begi tupu la gitaa begani.

"Shemeji," akaniambia, "chombo kisipopigwa kinakufa. Mpiga solo mpya hana gitaa la maana. Nipe hili nimpelekee."

Mume wangu alikuwa kitandani, mlango uko wazi, anasikia kila neno. Akageuza uso ukutani. Nimeishi na mwanamume huyo, namjua. Siku gitaa lake litakapovuka kizingiti kwenda kuwa la mwingine, ataamini kwamba amekwisha, na mtu akishaamini hivyo hakuna dawa ya kumrudisha.

"Halitoki," nikasema. "Nitalipiga mimi."

Besi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Shemeji, gitaa linachukua miaka kumi, na hapo mtu ameanza akiwa mtoto!"

Familia ikakaa, ikapatana. Siku ya harusi ya binti yake Besi, bendi itakapopiga, nipande jukwaani nipige wimbo mmoja. Si wowote, ni ule Solo aliotunga wakati ananichumbia. Nipige mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nikiweza, gitaa linabaki. Nikishindwa, nilitie kwenye begi kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikakubali mbele ya wote. Mdomo huu!

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Mwalimu sikumtafuta. Wa nini? Cherehani yangu ya nyumbani imekaa mkabala na kiti cha Solo tangu tulipooana. Yeye anapiga, mimi nashona, tunatazamana. Najua kidole kipi kinakwenda wapi, ubeti gani, na uso anaoufanya akikosea.

Hata sikio alikuwa akiazima langu. Akikaza nyuzi ananiuliza, "Mama, huu vipi?" Nami, bila kuinua kichwa kwenye cherehani, namjibu, "Kaza kidogo." Akibadilisha nyuzi, mimi ndiye ninayeshika ncha na kuzikata kwa koleo langu dogo.

Basi nikalichukua gitaa, nikakaa nilipozoea kukaa, nikalishika vile nilivyoliona likishikwa miaka yote. Nikaanza.

Jamani, nyuzi zinauma! Ile siku ya kwanza nilidhani nimeshika wembe. Na sauti yenyewe, kwa kuwa sikulichomeka kwenye spika, ilikuwa kama ya mbu aliyefungiwa kopo. Solo ananitazama kutoka kitandani, midomo inamchezacheza. Nikadhani ni ugonjwa.

"Unacheka?" nikamuuliza.

Akafumba macho.

Nikakaza roho. Asubuhi kabla ya kazi, jioni kabla ya kupika, mchana pale kazini wengine wakila. Vidole vikavimba, vikapasuka, vikapona, mwishowe vikaota sugu. Ubeti wa kwanza ukatoka. Kiitikio kikatoka. Ikabaki ile sehemu ya juu karibu na mwisho, pale Solo alipokuwa akikimbia kwenye uzi mwembamba kama anafukuzwa na mbwa. Hapo nilikwama kila mara. Lakini nilikwama mahali pamoja tu, na hilo nililihesabu kuwa maendeleo.

Basi nikiwa nimeanza kujiona mtu, gauni likaniumbua.

Kazini nagawana chumba na mwanamke mmoja tunayemwita Mama Overloki, kwa sababu kazi yake ni kumalizia pindo kwa ile mashine ya nyuzi nyingi. Ana mdomo huyo, mashine yake ina nafuu. Siku hiyo nilikuwa nanyoosha satini kwenye meza, satini nyeupe, kifua cha gauni la bibi harusi. Na bibi harusi mwenyewe ndiye yule binti wa Besi. Mimi ndiye niliyepewa kumshonea, maana mimi ni mama yake mdogo. Nikapitisha mkono kuilaza vizuri.

Krrr!

Mama Overloki akasimamisha mashine. "Shoga, hiyo nini?"

Nikaiinua satini kwenye mwanga. Uzi ulikuwa umevutika kifuani kwa gauni, mstari mzima, unaonekana hata ukiwa mlangoni. Sugu za vidole vyangu vya kulia ndizo zilizoushika.

"Utalia sasa au baadaye?" akaniuliza.

"Silii."

"Mkono wa kulia ndio wako wa satini. Kasugue hizo sugu na jiwe la kusugulia miguu, zitoke."

"Thubutu! Hizi sugu nimezilia machozi. Zikitoka leo, nyuzi zitanichana kesho, nianze moja."

"Basi chagua. Satini au gitaa."

"Nachagua vyote viwili."

"Haya, mwenye vyote viwili. Na hilo dude lenyewe linachukua muda gani mtu kulijua?"

"Mpaka nilijue."

"Mpaka majirani wahame," akasema, akawasha mashine yake.

Kabla sijalificha gauni, bibi harusi akaingia kuja kupimwa. Hivi kwa nini watu hawafiki ukiwa umemaliza jambo lako vizuri? Akaliona kabla hata ya kunisalimu.

"Mama mdogo! Gauni langu!"

"Nitalirekebisha."

"Utalirekebisha vipi? Ni kifuani! Watu wote watanitazama kifuani!"

"Basi bwana harusi atafurahi," akadakia Mama Overloki. Nikamkata jicho.

Nikamwonyesha vidole. Bibi harusi akavishika, akapapasa zile sugu moja moja. Hasira ikamshuka. Mtoto yule nimemnywesha uji mimi, hawezi kuninunia sana.

"Ni kwa ajili ya gitaa?"

"Ni kwa ajili ya baba yako mdogo."

"Nipigie nisikie."

Gitaa, maana nilikuwa nikienda nalo kazini na kurudi nalo, lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nikalichukua, nikakaa, nikaanza ubeti wa kwanza. Nilipoinua macho kumtazama, hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekodoa macho mikononi mwangu.

"Mama mdogo," akasema taratibu, "nani kakufundisha kushika hivyo?"

"Nimemwona baba yako mdogo."

"Baba mdogo hashiki hivyo."

"Nimemtazama tangu hujazaliwa, wewe mtoto!"

Akasimama. "Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu ni mzee aliyewafundisha muziki nusu ya watu wa mji huu, ana chumba nyuma ya duka la redio. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu bibi harusi alinishika mkono kama mgonjwa. Mwalimu akanikaribisha kiti, akanitazama nikilipakata gitaa, na kabla sijapiga hata uzi mmoja akavua miwani.

"Mama, wewe unatumia mkono wa kushoto?"

"Hapana. Kula, kushona, kumpungia mtu, vyote kulia."

"Basi umelishika kinyume."

"Kinyume vipi?"

"Shingo ya gitaa inatakiwa ielekee kushoto kwako. Vidole vya kushoto vibonyeze, vya kulia vipige. Wewe umeielekeza kulia."

"Mimi siku zote nimeiona ikielekea kulia."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

Nikaitazama shingo ya gitaa. Mungu wangu! Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Wasomaji, mnicheke, ni haki yenu. Mimi ni fundi! Mteja anasimama mbele yangu kila siku, bega lake la kulia liko kushoto kwangu, na sijawahi kukosea upande wa vifungo hata nikishona nina homa. Leo hii gitaa, kitu nilichokitazama ujana wangu wote, nimelinakili kama mtu anayejiona kwenye kioo. Na ningelishika sawasawa, sugu zingeota mkono wa kushoto, na satini ya mtoto wa watu ingekuwa salama.

"Nifanyeje?" nikauliza.

"Anza upya."

"Upya kabisa?"

"Mkono wako wa kushoto hauna habari yoyote, mama. Inabidi uufundishe kama mtoto."

"Itachukua muda gani?"

Akakuna kidevu. "Nyimbo nyepesi, miezi kadhaa kama utajibidiisha kila siku. Kupiga kama Solo, hapo tunazungumza miaka."

"Harusi ni wiki ijayo."

"Basi haiwezekani." Akafikiri kidogo. "Au tuzigeuze nyuzi, zile nene zije juu, tulifanye gitaa la mtu wa mkono wa kushoto. Hapo walau utakuwa umelishika kihalali."

"Nyuzi zangu usiziguse! Vidole vyangu vinajua kila uzi ulipo. Ule mnene uko chini karibu na goti, na ukae huko huko."

"Lakini mama, hivyo siyo!"

"Hebu nisikilize kwanza."

Nikampigia. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, mpaka pale ninapokwama. Nikakwama. Mwalimu akarudisha miwani machoni.

"Wimbo umetoka au haukutoka?" nikamuuliza.

"Umetoka, lakini..."

"Hakuna lakini. Ahsante, Mwalimu."

Nikainuka na gitaa langu. Nyuma yangu nikamsikia bibi harusi akibaki kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Nilidhani anamwomba radhi kwa ukali wangu. Laiti ningerudi nikasikiliza!

Nilifika nyumbani nimefura. Nikasimama mbele ya kitanda. "Solo, mimi nashika gitaa kinyume."

Midomo ikaanza kumcheza. Kisha mabega. Kisha mwanamume akacheka hadi akakohoa, ikabidi nimwinue nimpigepige mgongoni.

"Kumbe ulijua?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Kwanza," akasema. Maana yake siku ya kwanza.

"Na ukanyamaza! Ukanitazama nachanika vidole, umelala hapo unajichekea!"

Akahangaika na ulimi. Nilimsubiri, maana ukimkatiza neno linapotea. "Ulikuwa," akasema, "unapata."

Nilichukua mto nimpige nao, nikaishia kuukalia. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa na jibu lake, maana yeye sikuwahi kumuuliza.

"Hebu niambie ukweli. Wewe ilikuchukua muda gani kulijua gitaa?"

Akautazama mkono wake wa kulia, ule uliolala juu ya shuka kama si wake. Kisha akalitazama gitaa.

"Bado," akasema.

Hapo nililia, sifichi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mtu aliyesimamisha kumbi nzima anasema bado hajajua, halafu Besi anakuja na begi lake kunihesabia miaka! Nikapangusa uso, nikalishika gitaa vilevile kinyume, nikaendelea.

Gauni tukalimaliza. Nilivaa glavu za mpira kama daktari, na pale pa kulaza satini nikamwachia Mama Overloki, naye hakuniacha hivi hivi, alinisimanga mpaka mshono wa mwisho. Juu ya ule uzi uliovutika tukashona ua la shanga. Bibi harusi akajitazama kwenye kioo, akasema hilo ua ndilo analolipenda kuliko vyote.

Na siku mbili kabla ya harusi, ile sehemu ya juu ikatoka. Mara moja tu. Nilipojaribu tena ikagoma. Lakini ilitoka, na Solo alikuwa shahidi.

Siku ya harusi gari la bendi lilipita asubuhi kuchukua gitaa pamoja na ngoma na maspika. Nilimkabidhi Besi mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Bado una nafasi ya kughairi, shemeji," akaniambia. "Hakuna atakayekucheka."

"Wewe ulishanicheka ukashika ukuta. Nenda."

Ukumbi ulijaa. Solo tulimweka kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele kabisa, amevaa shati alilokuwa akilivaa jukwaani. Lilimpwaya, nami nikalibana mgongoni kwa pini, nikajitia sijaona. Bendi ikapiga, watu wakacheza, wakala. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Sasa, mabibi na mabwana, mke wa Solo!"

Vigelegele, miluzi, na vicheko vya chini kwa chini. Nikapanda. Besi alikuwa mahali pake na besi lake. Mpiga solo mpya alisimama kando, mikono mitupu, maana bendi ilipiga bila solo ikilingoja gitaa langu, na miguuni pake lile begi tupu. Nikakaa kwenye kiti, nikalipakata gitaa langu, shingo kulia.

"Amelishika kinyume!" akapayuka mtu. Ukumbi ukaangua kicheko.

Wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nikapeleka kidole kwenye uzi mnene, ule wa karibu na goti, nikapiga.

Ikatoka sauti nyembamba, kali, kama mlango unaohitaji mafuta.

Nikadhani nimekosea. Nikapiga tena. Sauti ile ile. Nikatazama chini. Uzi mnene ulikuwa juu. Nyuzi zote zilikuwa zimegeuzwa, kila moja imekaa kwenye mfereji wa mwenziwe pale mwisho wa shingo, zile nene hata hazitoshi, zimekalia juujuu.

Nikamgeukia Besi. Nilimtazama kwa macho ya kuua. Lakini Besi alikuwa ananishangaa tu, hajui lolote.

Ndipo nikamwona bibi harusi kule meza ya juu. Alikuwa amesimama, anatabasamu, ameninyooshea vidole gumba vyote viwili juu. Alipoona sura yangu, tabasamu likamkauka. Akainua gauni, akaja mbio mpaka jukwaani, akaniinamia sikioni.

"Mama mdogo, nilimwomba Mwalimu aje hapa ukumbini asubuhi, gitaa likishafika, akuwekee sawa. Nilitaka wakiona umelishika hivyo, wajue ni gitaa la mtu wa kushoto. Nilitaka wasikucheke."

Ningemwambia nini? Uso wake ulikuwa karibu na wangu, wanja umeshaanza kumchuruzika. Mtu amekupenda, amekuvunja mguu kwa mapenzi yake, na leo ni harusi yake.

Besi akasogea kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule uliniudhi kuliko kicheko. "Shemeji, imetosha. Umejaribu, tumeona. Hakuna haja ya kujiaibisha."

Nikakivuta kipaza sauti kwangu. "Nani amekwambia nina aibu?"

Besi akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi ni fundi cherehani," nikawaambia. "Wengi wenu mmevaa kazi yangu leo hii. Kuna kitu hapa kimeshonwa vibaya, kwa hiyo nafumua, nashona upya. Nyinyi kuleni. Anayeona anacheleweshwa, mlango uko nyuma yake."

Nikafungua mkoba, nikatoa koleo langu dogo. Bibi harusi alikuwa bado ameinama pale. "Usilie," nikamwambia. "Piga magoti hapa, unishikie ncha. Na gauni lisiguse vidole vyangu."

Akapiga magoti na gauni lake jeupe. Nikalegeza nyuzi zote, nikazitoa, nikaanza kuzirudisha moja moja. Mshereheshaji akataka kutia vichekesho, nikamwambia akae. Mpiga ngoma, Mungu ambariki, akaanza kugonga taratibu ukingoni mwa ngoma yake, ili ukimya usinilemee. Besi alimtupia jicho, akajifanya hajaliona.

Uzi wa kwanza ukakaa. Nikaukaza, nikausikiliza. Sikio langu nikaona siliamini. Nikamtazama mume wangu pale chini.

"Baba," nikamwita, "huu vipi?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Wengine walikuwa hawajamsikia akitamka neno tangu aanguke. Solo akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Kaza," akasema. Kisha akaongeza, "Kidogo."

Nikakaza kidogo. Akatikisa kichwa kukubali. Sioni haya kuwaambia kwamba macho yangu yalijaa, nikaendelea kwa kupapasa. Uzi wa pili. "Huu?" "Legeza." Wa tatu. Wa nne. Tuliendelea hivyo, mimi juu na yeye chini. Wa tano ukakaa.

Ukabaki ule mwembamba, wenye ile sehemu ya juu.

"Huu vipi?"

"Kaza."

Nikakaza.

"Kaza."

Nikazungusha kidogo tu, kidogo kabisa.

Pwaa! Ukakatika. Ncha ikanichapa shavuni, na ukumbi mzima ukaguta kwa pamoja.

Bibi harusi akaziba uso. Nikamgeukia mpiga solo mpya. "Una uzi wa akiba?" Akatikisa kichwa, hana. Nikamuuliza Besi, naye akatazama pembeni. Nyuzi za besi si za kazi hiyo, hata mimi najua.

Kisha nikasikia zipu. Besi alikuwa ameokota lile begi, analifungua. Akaja nalo taratibu, wazi, akasimama mbele yangu. Sikuona furaha usoni mwake, na hilo namshuhudia.

"Tulipatana, shemeji. Mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Bila uzi huo, wimbo hauna mwisho. Lete."

"Mwanzo wenyewe sijauanza," nikamwambia. "Kaa chini."

"Shemeji..."

"Kaa chini, Besi!"

Nikamtazama mume wangu. Nilikuwa nataka anisamehe, kusema kweli. Kama angegeuza uso kama ile siku alipougeuzia ukuta, ningelitia gitaa kwenye begi hapo hapo na nisingebishana tena.

Hakugeuza. Akainua mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, akautanua vidole vyote mbele ya watu.

"Tano," akasema. Alisema kwa sauti, hata wa nyuma wakasikia.

Nyuzi tano zilizobaki. Ndipo nikakumbuka. Kuna siku, tukiwa hatujazaa bado, uzi mwembamba ulimkatikia katikati ya wimbo huu huu, na hakusimama. Vidole vyake vilipanda kwenye uzi wa pili, juu kabisa, karibu na tumbo la gitaa, vikaimalizia huko ile sehemu ya juu. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa mbele yake na cherehani yangu.

Sijawahi kupajaribu huko. Hata mara moja.

"Nihesabie," nikamwambia mpiga ngoma. Akainua fimbo zake. Besi alikuwa bado amesimama na begi lake wazi, nami nikapiga.